Malkia Aliyekufa Mbiombio

Ijumaa asubuhi soko la samaki la Crawford, Bombay, lilikuwa limefurika. Dinah Penkar alimshika nguru mkia. Mwanamume mmoja akamshika samaki huyo huyo kichwa.

"Bwana, achia. Huyu wangu."

"Dada, mama yangu anamngoja kwa Sabato."

"Na mama yangu anangoja mawe?"

Muuza samaki alicheka. "Wewe bwana, humjui? Huyo ni Chandrika wa filamu!"

Mwanamume aliachia. Alimtazama vizuri: sari ya kijani iliyokunjwa mpaka vifundoni, uso bila poda, miguu kwenye matope. Jina la Chandrika lilikuwa la studio, maana tajiri mwenye studio, Sheth Vadilal, aliamini hakuna atakayekata tiketi kumtazama binti wa Kiyahudi akicheza malkia wa Kihindu. Mwanamume huyo, Elijah Awaskar, Myahudi mwenzake, alikuwa mpiga picha. Jumatatu aliripoti kazini kwenye studio ile ile, akamkuta Dinah mbele ya kamera yake.

"Samaki alikuwa mtamu?" Elijah aliuliza.

"Mtamu kuliko maneno yako."

Wiki ya sita walikuwa wachumba, tena bila kuficha. Kilichowagombanisha ni kitu kimoja tu.

"Mama anasema tukioana uache filamu," Elijah alisema.

"Wewe unasemaje?"

Elijah akainama kufuta lenzi ya kamera.

"Ahaa. Miaka saba naitwa malaya barabarani sikuacha. Leo niache kwa sababu napendwa?"

Siku tatu baadaye walipiga picha za kifo cha malkia aliyechezwa na Dinah. Kamera za enzi hizo za filamu bubu zilizungushwa kwa mkono, mizunguko miwili kila sekunde. Mkono ukilegea, picha hupungua, na watu kwenye pazia hukimbia kama siafu. Dinah alikunywa sumu ya uongo, akafa polepole juani, na mafundi seremala wakaacha kugonga misumari ili wamtazame.

Kwenye onyesho la kwanza mambo yakawa mengine. Malkia alibugia sumu, akapepesuka mbiombio, akaanguka, akatupa miguu kama kuku aliyechinjwa. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hata mpiga tabla, ngoma iliyoisindikiza filamu, alishindwa kupiga. Dinah alikuwa ameketi mstari wa pili. Alitoka kichwa juu, machozi yakimtiririka.

Kesho yake simu ililia kwenye mkahawa wa Muirani chini ya nyumba ya akina Dinah. Mwenye mkahawa akaita juu, "Dinah! Elijah huyu!"

"Mwambie nimekufa!"

"Tena? Si ulikufa jana, tena mbio?"

Alishuka ngazi kwa hasira, akanyakua simu.

"Umenikomoa, Elijah. Nimekataa kuacha kazi, ukanifanya kichekesho."

"Dinah, mpenzi wangu, nisikilize..."

"Mpenzi wako ni mama yako." Akakata.

Jumatatu Sheth Vadilal alimngoja mbele ya wafanyakazi wote, mkononi ana gauni la kijakazi mnene na mito ya kuweka tumboni.

"Vaa. Watu wanataka kukucheka, basi wacheke kwa faida."

"Mimi si kikaragosi, Sheth. Rudieni kifo changu au niende studio nyingine."

"Umekufa vibaya, unamlaumu nani?"

"Mimi," Elijah alisema.

Mpiga picha akikiri kwamba mkono wake umelegea, jina lake limekwisha Bombay nzima. Elijah alilijua hilo.

"Alikufa vizuri. Nililia, nikasahau kuhesabu. Mkono ukalala. Sikusema kwa sababu niliona aibu."

"Toka kazini kwangu!"

Dinah alisogea kando ya Elijah, akamgeukia tajiri. "Akitoka, tunatoka wawili. Kamera atazungusha yeye. Nani mwingine hapa anaweza kunilia hivyo?"

Sheth alimtazama Dinah, akatazama mabango ukutani, yote yana sura yake. Akatupa gauni chini. "Haya, haraka, jua linahama!"

Dinah alivaa taji, akafa upya. Elijah alilia tena, lakini safari hii alihesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili, mpaka mwisho.

"Nikuoe," alimwambia akiwa bado anafuta uso kwa mkono wa shati.

"Nioe. Filamu siachi."

"Siachi mimi kukupiga picha. Nitamwambia mama jioni."

"Tutamwambia sasa. Wewe kunyamaza umezoea."

Walipanda tramu, Dinah na taji lake, wanja na rangi yote ya malkia usoni. Abiria waligeuka, mmoja akapayuka, "Jamani, si alikufa huyu?"

"Nimekataa," alijibu Dinah.

Nyumbani kwao, Elijah alisita ngazini, akarekebisha kola. Dinah alimpita, akagonga mlango mwenyewe.