Mchicha wa Marudio

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimwagilia mchicha wangu nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Katoro. Mwaka huo, 1984, mama alikuwa mjamzito, na hamu yake yote ilikuwa mchicha. Mimi Limi, binti wa darasa la sita, niliapa atakula wa mkono wangu.

Lakini udongo wetu mgumu, jembe linadunda! Basi nikachota marudio, udongo laini uliobaki baba na wenzake walipomaliza kuosha dhahabu, nikajaza kitaluni. Baba alishanikataza kuyagusa.

Siku moja akaja bibi shamba, Zipora.

"Shikamoo, Bibi Shamba."

"Marahaba, Limi. Kitalu kizuri! Udongo umetoa wapi?"

"Kwenye kichuguu," nikajibu bila kupepesa macho.

"Safi! Nitawaleta majirani waige. Mama Limi, chuma mboga."

Mama akaja na ungo kwa mchumo wa kwanza. Hapo ndipo nilipokiona, kwenye mizizi: kitone cheupe, kinang'aa. Nikakigusa kwa kijiti. Kikagawanyika vitone vidogo, vikabingirika, vikaungana tena. Lo! Ilikuwa zebaki, ile anayotumia baba kukamatia dhahabu.

"Mama, usichume! Nimedanganya. Ni marudio."

Mama aliketi chini, ungo ukamtoka. Bibi Zipora hakunigombeza. Alichuchumaa karibu nami, akakitazama kile kitone.

"Hii ni sumu, usiishike," alisema polepole. "Jani huoza, hata mfupa huisha. Madini haya hayaozi. Wajukuu zako wangeyakuta papa hapa. Na mengine huyaoni kabisa, lakini mboga inayanywa."

Nilitazama ardhi niliyokuwa naikanyaga kila siku. Kumbe inatunza kila tunachoitupia! Niliogopa hata kusogeza mguu.

Jioni hiyo baba alichukua koleo, akaondoa udongo wote pamoja na mchicha, akaufukia mbali na kijito na kisima. Mimi nikalima upya upande wa juu, kwa samadi ya ng'ombe. Mikono ilitoka malengelenge. Baada ya mwezi mama alikula mpaka akashiba.

"Wabeja, mwanangu," alinishukuru kwa Kisukuma.

Bibi Zipora alikuwepo. "Limi," alisema, "ungenyamaza, majirani wangekuona unakochota udongo, na kijiji kizima kingejaza marudio mashambani. Ukweli wako umewaokoa watu ambao hata hawajazaliwa."

Mama akaushika mkono wangu, akauweka tumboni mwake. Mtoto akapiga teke.