Shingo Isiyopita Kichwa

Nina miaka ishirini na sita. Ninaishi Njoro, hapa Moshi mjini, katika chumba kimoja, na kazi yangu ni kufuma masweta. Haya ninayowaeleza yana miaka minne sasa, na nimechoka kuyabeba peke yangu. Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana, kwa sababu kila mara niliona mistari imepinda. Hii ya tano naituma gazetini hivyo hivyo ilivyo...

Nilizaliwa Mwika, juu kule kwenye kahawa na migomba. Bei ya kahawa ilipoanguka, baba alishindwa kuniendeleza baada ya darasa la saba. Shangazi yangu alikuwa na mashine ya kufuma iliyokaa chini ya kitanda miaka mingi bila mtu wa kuitumia. Niliivuta, nikaifuta vumbi, nikajifunza mwenyewe. Nilifuma, nikafumua, nikafuma tena mpaka uzi ukachakaa. Hakuna aliyenishika mkono.

Nadhani hapo ndipo nilipoupata ugonjwa wangu. Kitanzi kimoja kikikaa upande, chakula hakishuki. Na mtu akiniona nimekosea, natamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa hivyo, wasomaji wenzangu. Hana mwalimu wa kumlaumu, kwa hiyo kila kosa anaona ni lake, na anaona ni bora afe kuliko kosa hilo lionekane.

Nilipofika miaka ishirini na miwili nikapata kazi kwa Mama Haika, aliyekuwa na karakana ndogo ya masweta hapo Njoro. Tulikuwa wafanyakazi wawili tu, mimi na dada Anaeli. Dada Anaeli alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Ndiye aliyenipokea. Alinipa kona ya chumba chake cha kupanga, akanipa na blanketi, na kila Jumamosi alipika mtori wa ndizi na nyama, akanichotea kabla ya kuwachotea wanawe. Kumbukeni hilo la mtori.

Miaka ile mitumba ilikuwa imeanza kuingia Moshi kwa marobota. Mtu alipata sweta la Ulaya kwa bei ambayo sisi hata uzi hatukuupata. Wateja wakapungua, wakapungua... Siku moja Mama Haika akaja na habari njema. Shule moja ya sekondari huko milimani ilitaka masweta ya kidato cha kwanza kizima, yenye shingo ya duara na mistari miwili. Kama wakiyapenda, wataagiza kila mwaka. Alituambia wazi kwamba wasipoyapenda atafunga, maana hana njia nyingine ya kutuweka sote wawili.

Tatizo ni kwamba shingo ile hatukuijua. Sisi tulijua shingo ya V peke yake.

Mama Haika alikuwa mwanamke mwenye akili. Hakumpa mtu mwingine kazi ile aondoke nayo. Alimwita fundi Deo, mtu wa Kibosho mwenye umri wa baba yangu, ambaye hakuwa mwajiriwa wa mtu yeyote. Alizunguka na mfuko wake wa sindano kutoka karakana hii hadi ile, anapatana kazi, anaimaliza, anakwenda zake. Mama Haika alipatana naye aje kila Jumatatu na Alhamisi, afume shingo huku tumekaa ubavuni kwake, mpaka tuweze wenyewe.

"Mimi sikulipi kwa ajili ya shingo tu, fundi," alimwambia mbele yetu. "Nakulipa ili ukiondoka, hawa wabaki wanajua."

"Watajua," alijibu fundi. "Wakikubali kwanza kwamba hawajui."

Nilihisi ananisema mimi. Pengine alikuwa hasemi mtu.

Ufundishaji wake ulinichosha roho. Hakutumia futi ya kupimia. Alichora kidogo tu kwenye gunia la uzi, kisha anakwambia fuma. Ukikosea hasemi kitu, anasubiri ulione kosa mwenyewe. Dada Anaeli alikosea kutwa nzima na akacheka kutwa nzima. "Fundi, shingo yangu hii inamfaa twiga," alisema. Fundi akacheka naye, wakafumua pamoja.

Mimi sikuthubutu. Kila mara fundi aliponigeukia nilijibu, "Nimeelewa." Nilikuwa na daftari nililoandika kila anachosema, kwa namba, kwa mwandiko mzuri. Dada Anaeli aliniomba alione mara moja. Nilimwambia bado sijalipanga vizuri.

Jambo lililonikera kuliko yote lilikuwa kichwa. Fundi alitaka kila shingo ijaribiwe kichwani, si mezani. Vaa, vua, vaa, vua... Nilikuwa nimesuka nywele zangu vizuri, na sikupenda kuvurugwa mbele ya watu kama mtoto. Nilikuwa na futi yangu, nikapima mezani. Na mezani, wasomaji, kazi yangu ilikuwa nzuri kuliko yake! Vitanzi vyangu vya mwisho vililala kama mbegu za mtama zilizopangwa. Vyake vililegea, vinacheza. Mtu asiyejua angesema ni vya mlevi.

Alhamisi moja alizichukua shingo zetu mbili, yangu na yake, akazivuta. Yake ilinyumbuka. Yangu ilikataa. Akatabasamu.

"Nyie wa Mwika mnabana mpaka vitanzi," alisema. "Hapa bado, mwanangu. Kufunga shingo ni kitu cha mwisho, nitakuonyesha Alhamisi ijayo. Usiwe na haraka."

Ulikuwa utani tu. Wachagga wa Mwika na wa Kibosho tumetaniana tangu mababu, nani bahili kuliko nani. Lakini Mama Haika na dada Anaeli walicheka, nami niliona dunia nzima imecheka. Nilikwenda choo cha uani nikalia, nikarudi nikasema, "Nimeelewa, fundi."

Jumamosi ile nilimfuata Mama Haika peke yangu. Naandika hapa nikiona haya... Nilimwekea shingo mbili mezani. Nilimwambia fundi analegeza kazi kwa makusudi ili masweta yaharibike haraka na yeye aitwe tena. Nilimwambia anatufundisha polepole ili siku zake ziongezeke. Nilimwambia mimi tayari najua kila kitu.

Mama Haika alizitazama shingo zile. Yangu ilikuwa nzuri. Nani asingeniamini?

Alimwita dada Anaeli kumuuliza. Dada Anaeli aliona ajabu. Alisema fundi hajamaliza kufundisha, kwamba bado kuna siku moja ya muhimu. Na mimi, niliyelala chumbani kwake na kula mtori wake, nilisema, "Anamtetea kwa sababu yeye ndiye bado hajui."

Alinitazama. Akarudi kwenye mashine yake.

Jumatatu fundi Deo alipofika, Mama Haika alizungumza naye nje. Alimwambia watu wake sasa wanaweza. Fundi hakubishana. Aliingia kuchukua mfuko wake wa sindano, akasimama karibu na mashine yangu kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo. Mimi niliinamia uzi. Akaondoka.

Tulifuma masweta yale wiki kadhaa. Dada Anaeli alifuma miili na mikono, mimi nikafunga shingo zote kwa mkono wangu, kwa sababu sikumwamini mtu mwingine. Siku moja alijaribu kuvaa moja, likaishia kwenye paji la uso. "Linabana, mdogo wangu," alisema. Nilimwambia likifuliwa litalegea, na kwamba asiyavute tena, atayaharibu. Mama Haika aliyapiga pasi, akayakunja, akayasifu. Kwa kweli yalikuwa mazuri. Sijawahi kufuma vitu vizuri vile mpaka leo.

Tuliyapeleka shuleni asubuhi ya baridi, ukungu umefunika migomba mpaka chini. Wanafunzi walipangwa uwanjani. Mwalimu wa malezi akamwita msichana mmoja mbele ili wenzake waone sare mpya. Akaingiza mikono. Akaingiza kichwa... kikaishia hapo.

Mwalimu alivuta chini. Msichana akasema kutoka ndani ya sweta, sauti ikiwa mbali kama ya mtu aliye kisimani, "Mwalimu, masikio."

Mstari mzima ukacheka. Wakajaribu wa pili, wa tatu, mvulana mwenye kichwa kidogo akapita huku machozi yanamtoka. Walipotaka kumvua, vitanzi vikakatika, vikafumuka mpaka kifuani. Mama Haika alisimama na mikono yake imeshika kanga tu. Alinigeukia polepole. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja: "Shingo hii unaijua?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisema, "Sijui, mama."

Nilikuwa nimechelewa. Mkuu wa shule aliyarudisha yote. Baridi ilikuwa imeshaingia, wazazi wakashuka sokoni kununua masweta ya mitumba. Uzi wote ulikuwa umekwisha. Mama Haika aliuza mashine moja baada ya nyingine, akafungua kibanda, na mnajua aliuza nini? Mitumba.

Dada Anaeli hakuwa na kazi tena. Alifunga vitu vyake na kurudi kwa wakwe zake na watoto wawili, akaanza kuchuuza ndizi. Siku anaondoka aliniachia ufunguo wa chumba, kodi ikiwa bado haijaisha. Alisema kwa upole, na upole ule unaniuma kuliko kofi. "Ungeniambia tu hujui. Mimi nilikuwa sijui kila siku, na sikufa."

Nilirudi Mwika. Nilikaa kwa mama bila kugusa uzi. Mama alinitoa maneno kidogo kidogo, mpaka akayapata yote. Asubuhi moja alikwenda kwenye uzio wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo, akachuma jani la isale. Kwetu Uchagani, mtu akikujia na jani hilo kuomba radhi, huna ruhusa ya kumfukuza.

"Unakwenda Kibosho," aliniambia. "Na ukifika usianze kujieleza. Ukianza kujieleza, isale linakuwa jani tu."

Tulikwenda wote wawili. Tulimkuta fundi Deo anakatia ng'ombe majani. Nilisema, "Shikamoo," nikapiga magoti, nikamnyooshea jani, nikanyamaza. Kunyamaza huko kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya... Nilikuwa na maelezo mengi sana.

Alilipokea. Akasema, "Marahaba." Kisha akaenda ndani, akarudi na mfuko wake wa sindano na kipande cha shingo. Akanionyesha. Kabla ya kufunga kila kitanzi unakivuta kidogo, kiasi cha upana wa sindano moja. Basi. Ilichukua muda ambao chai haijapoa. Kisha akanivalisha ile shingo kichwani mbele ya mkewe na mama yangu, akaivua, akanivalisha tena, nywele zangu zikavurugika zote. Hakuna aliyenicheka.

"Hiyo ndiyo ilikuwa Alhamisi," alisema.

Nilipeleka jani la pili kwa dada Anaeli. Naye alilipokea, kwa sababu ni mila na kwa sababu ndivyo alivyo. Alinikaribisha, akanichotea mtori. Nilimwomba arudi mjini tuanze pamoja kwa mashine ya shangazi. Alitikisa kichwa. Alisema watoto wamekwisha kuzoea shule ya pale, na yeye amechoka kuanza upya. Nilielewa hapo kwamba isale linarudisha amani, halirudishi kile ulichovunja.

Siku hizi ninafuma peke yangu Njoro. Kazi ngumu ikija ninamwita fundi Deo, anakaa ubavuni kwangu, na mimi nauliza hadi anachoka. Nikiwa naye bado moyo unanidunda kila ninapokosea. Sijapona, wala sitaki niwadanganye.

Wasomaji wenzangu, hasa wewe kijana uliyejifundisha kazi mwenyewe ukaipenda kama mimi. Mwajiri wako akikuletea mtu anayejua, usimwonee wivu na usimwambie "nimeelewa" ili akupite. Kosea mbele yake angali yupo. Mwache akuvuruge nywele. Na jirani yako wa mashine akiomba daftari lako, mpe lilivyo, hata kama mwandiko umepinda. Msiipite njia niliyopita mimi, nawaomba.

Sweta moja la shule ile ninalo bado, limekunjwa juu ya kabati. Nalitazama mara kwa mara. Kila kitanzi kimekaa mahali pake, hakuna hata kimoja kilichopinda. Na hakuna kichwa cha mtu kinachopita.