Salamu Chini ya Gari

Haya yalimkuta rafiki yetu Nikodemo, fundi magari wa Lushoto enzi za Mwingereza, mtu ambaye mdomo wake haukupumzika hata akimeza. Alasiri moja ya ukungu alilala peke yake chini ya gari la mashindano la mlowezi mmoja, akinyoosha chasisi iliyopinda kwenye kona za barabara ya Mombo.

"Wewe umepinda kuliko shemeji yangu!" alilitania. Papo hapo jeki ikateleza. Chuma kikamkalia kifuani, giza likamfunika, pumzi ikabaki ya kukopa.

Mara akasikia nyayo, chapa, chapa, zikaja kusimama kando ya gurudumu. Akaona miguu mitupu yenye magaga ya uzee, inachuruzika maji. Mungu si Athumani! Alitaka kupiga yowe, lakini kwa Washambaa hata aliyebanwa na gari huanza na salamu.

"Shikamoo, mzee," akasema kwa shida.

Chuma kikalia kwiii, kikashuka kidogo.

"Shikamoo, babu! Niinulie jeki, nakufa!"

Ile miguu haikusogea.

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu polepole, huku huku chini gizani, ubavuni pake, midomo ikimgusa sikio.