Kidole cha Kidoti

Haya hayakumtokea jirani wa rafiki wa mtu. Yalimtokea mama yangu mdogo, aliyefuatana na mama tumbo moja, na mimi nilikuwepo. Anayetaka kubisha abishe, ila anisikilize kwanza.

Tulikuwa tunafua mashuka ya hoteli: mama mdogo, bintiye wa pekee tuliyemwita Kidoti, na mimi. Siku moja mlangoni pakafungwa mashine ya vidole. Unabonyeza kidole gumba kuingia, unabonyeza kutoka, picha yako inatokea na sauti inakutaja. Fundi alitueleza kwamba mistari ya kidole haifanani kwa watu wawili, hata wawe mapacha. "Hii haidanganyiki," alisema, akiipigapiga kama ng'ombe wa mnada.

Mama mdogo ikamkataa siku ile ile. Dawa ya kung'arishia mashuka ilikuwa imemla vidole kwa miaka, vikawa laini kama mgongo wa kijiko. "Inasema mimi si mtu," alitania, tukacheka. Basi Kidoti akawa anabonyeza chake, mlango unafunguka, mama anapita nyuma yake ameshika upindo wa gauni la mwanawe. Jioni wanatoka vivyo hivyo. Mlinzi alijifanya haoni.

Kisha Kidoti akaugua homa, akafa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi nitasema nini? Mama mdogo hakulia mbele za watu. Alikaa tu, akipapasa upindo wa gauni lile.

Aliporudi kazini, mlinzi alimwambia kwa upole, "Mama, we pita tu na mwenzako." Ni kama hakusikia. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Karibu, Kidoti."

Picha ikatokea, Kidoti yule yule, anajizuia kucheka. Mlinzi akarudi nyuma. Nikaushika mkono wa mama mdogo nikaugeuza. Kidole gumba kilikuwa na mistari. Katikati kilikuwa na kovu, lile la wembe aliojikata nao Kidoti utotoni. Kilikuwa cha baridi.

Jioni akabonyeza kutoka. Mashine ikakataa. Kidole kilikuwa laini tena, hakina mstari, hakina kovu. Alitoka nyuma yangu mimi.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi Kidoti anaingia. Jioni hatoki. Fundi akaitwa, akalifuta jina la Kidoti, akajaribu, akaridhika. Kesho yake sauti ikasema, "Karibu, Kidoti." Fundi alifunga mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Mama mdogo alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alifua ameinua kile kidole nje ya maji, kisije kikaliwa na dawa. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

Jioni moja akasimama mlangoni.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "asubuhi namleta. Jioni namwacha humu peke yake. Mama gani huyo?"

"Kidoti tulimzika, mama mdogo. Twende nyumbani, tafadhali."

"Mashine inasema yumo."

"Mashine inajua nini?"

"Si ulimsikia fundi? Haidanganyiki."

Akanishika shavu, kisha akanisukuma nje taratibu. Mlango ukajifunga. Nikabonyeza. Ikakataa. Nikafuta kidole, nikabonyeza tena. Ikakataa. Nikaita. Ndani kulikuwa kimya. Mashine za kufulia zilikuwa zimezimwa.

Kisha sauti ikasema, "Kwaheri, Kidoti."

Mlango ukafunguka wenyewe. Hakuna aliyetoka. Upepo wa baridi tu ulinipita, ukinuka sabuni.

Mama mdogo alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, amekufa. Uso wake ulikuwa mtulivu. Mkono mmoja alikuwa ameuinua kidogo, vidole vimefumbwa, kama mtu aliyeshika upindo wa nguo. Tulijaribu kuvifumbua, vikakataa. Tulimzika hivyo hivyo.

Siku hizi kwenye kioo cha mashine kuna alama mbili, zimekaa bega kwa bega. Fundi mwingine alibadilisha kioo, zikarudi. Moja ina kovu katikati. Ya pili haina mstari hata mmoja.

Mimi hubonyeza pembeni, nisije nikawafuta.