Mwanafunzi wa Saa Kumi

Kiti kilikuwa na joto. Fundi cherehani alikikalia akainuka papo hapo. Chumba alikifunga mwenyewe saa kumi, akaacha somo linajiendesha kwenye kompyuta, akachomoka kwa mlango wa nyuma kwenda kupiga soga kwa jirani yake msusi. Nani amekaa hapa?

Ndivyo alivyosoma ualimu wa chekechea kwa njia ya mtandao. Video ikifika mwisho, chuo kinahesabu kwamba amehudhuria. Kozi mbili za kwanza aliziacha njiani, na mama mkwe wake alishasema mbele ya wageni, "Hii ya tatu tuichimbie kaburi mapema." Basi masomo yalipomshinda wiki ya nne, hakuwa na uso wa kusema. Alijifungia chumbani kila alasiri, nyumba nzima ikinyata kwa ajili yake, naye hayumo.

Siku hiyo ya kiti alifungua alama zake. Kazi tatu ambazo hakuzigusa zilikuwa zimewasilishwa, zote juu ya tisini. Mhadhiri ameandika: "Umebadilika sana. Hongera."

Angepiga kelele, lakini mumewe alikwishachungulia na kumwita mama yake. Yule mama mwenye ulimi wa wembe akamshika mikono.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikudharau."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na bado akazipokea sifa.

Siku zilizofuata, harufu ya nywele zilizoungua, isiyotoka kwa msusi, ikaanza kupenya chini ya mlango wa chumba chake. Akiwa kwa msusi alisikia, kupitia ukutani, vitufe vikigongwa chumbani kwake, taratibu kwanza, kisha kwa kasi isiyo ya vidole kumi, na juu ya mlio huo sauti yake mwenyewe ikijibu maswali kwa ufasaha ambao hajawahi kuwa nao, ikiwatia moyo wanafunzi wenzake waliotaka kukata tamaa, ikicheka nao, ikipendwa.

Msusi, aliyesikia pia, akamkokota kwa mganga. Mganga hakutaka kuku wala ubani.

"Jini huyu hakukuibia kiti, mama," alinong'ona. "Ulikiacha wazi, akakaa mwenye hamu. Siku ya mtihani wa mwisho, sema mbele ya wote kwamba hukusoma. Ataondoka. Usiposema, kiti ni chake, na jina lako pia."

"Mama mkwe naye asikie?"

"Hasa yeye."

Mtihani ulikuwa wa kuulizwa ana kwa ana kwenye kamera. Fundi alifungua mlango akamkuta jini ameshaketi: gauni lake, kovu lake la sindano kidoleni, uso wake, ila umetulia. Kwenye kioo cha kompyuta mhadhiri alikunja uso.

"Mwanafunzi, kuna mtu nyuma yako. Ni nani huyo?"

Aliyekaa aligeuka akamtazama fundi, karibu kwa huruma, akimwachia nafasi ya kusema.

Fundi akafungua kinywa. Sebuleni, mama mkwe alikuwa akimwambia mgeni kwa fahari, "Mkwe wangu yuko kwenye mtihani. Huyo ni mwanamke wa shoka."

Akarudi nyuma hatua moja.

"Samahani, mwalimu," alisema akiangalia sakafu. "Mimi ni fundi tu. Nimefuata nguo za kushona."

Akaokota kitambaa kilichokuwa kitandani, akatoka, akaufunga mlango polepole asimsumbue.