Mayai Matatu ya Namakhele

Pampu haikuwepo.

Inspekta Jepkoech wa kituo cha polisi cha Bungoma aliinama kando ya injini ya katapila, akapatazama mahali ilipong'olewa. Boliti mbili zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya bati. Mabomba ya dizeli yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa safi. Chini yake paliwekwa bakuli la plastiki, na ndani yake mlikuwa na dizeli ya kujaza kikombe cha chai.

Hatua tatu kutoka hapo yalianza mafunjo ya kinamasi cha Namakhele. Hakuna hata tone moja lililofika majini.

"Mwizi gani huyu anayekinga mafuta yasimwagike?" aliuliza.

"Mwizi ni mwizi," alifoka Gikonyo, mkandarasi mwenye katapila. "Wako pale shuleni wanakunywa chai. Shika wote!"

Aliwasema watazama-ndege. Ilikuwa Jumamosi ya Julai, mwaka 2006, na watu wapatao thelathini kutoka Kitale na Bungoma walikuwa wamekusanyika katika shule ya msingi iliyo ukingoni mwa kinamasi, upande wa Naitiri. Walikuja kuhesabu bata, korongo na ndege wengine wa majini, na kufundishana namna ya kulinda maji yao.

Lakini palikuwa na jambo zaidi. Jumatatu saa tatu asubuhi, mahakama ilikuwa isikilize kesi ya kikundi hicho ya kuzuia kinamasi kisikaushwe. Gikonyo, kibali cha kuchimba mfukoni, akaleta katapila Ijumaa jioni. Achimbe mitaro Jumamosi, achimbe Jumapili, na Jumatatu hakimu akute shamba kavu la mahindi. Ujanja wa namna hiyo tunaujua sana sisi, na ni wa aibu. Watu huenda kortini na karatasi zao, wakirudi hakuna cha kutetea.

Simu ya Jepkoech ililia. Alikuwa mkuu wake.

"Nataka mtu ndani kabla ya saa nane," alisema mkuu, akakata.

Jepkoech alianza na Levi, dereva wa katapila.

"Ulilala wapi?"

"Kwa hiyo kibanda, afande. Karibu kabisa."

"Ulisikia nini?"

"Usiku hakuna kitu. Lakini saa kumi na mbili asubuhi nilienda kukunywa chai huko senta. Si baridi ilikuwa mingi, bana! Kurudi saa moja, nawasha, ati haiwaki."

"Kuitoa pampu kunachukua muda gani?"

"Mtu anajua kazi? Dakika kumi. Ni boliti mbili tu. Lakini afande, huyu ni fundi. Hata mimi singefunga kitambaa hivyo."

Saa kumi na mbili hadi saa moja. Jepkoech alitembea hadi shuleni. Katika muda huo watazama-ndege wote walikuwa wametawanyika kuzunguka kinamasi, kila mmoja kituoni pake, peke yake. Hapakuwa na wa kumshuhudia mwenzake. Kila mmoja alikuwa na daftari tu.

"Nipeni madaftari," alisema Jepkoech.

Alikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakimfika kidevuni, akasoma. Saa, ndege, idadi, mahali. Joy, mwanafunzi wa chuo, alikuwa ameandika bata tisa. Abdi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Bungoma, aliandika: *Korongo taji wawili wameingia katikati ya mafunjo. Sikuona kiota.*

Daftari la mwisho lilikuwa la mwenyekiti wa kikundi, Mama Phelista Nakhungu. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na umenyooka.

*Saa 12.25. Korongo taji, dume na jike. Kiota kimoja. Mayai matatu.*

"Abdi," aliita Jepkoech, "wewe ulikuwa na darubini. Mbona hukukiona kiota?"

"Hakionekani kutoka ukingoni, Inspekta. Mafunjo yamempita mtu urefu. Ungehitaji mabawa."

"Kutoka upande wa mashariki je? Kituo cha Mama Phelista?"

Abdi alitazama chini. "Sijui," alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba anajua.

Jepkoech alikwenda kituo cha mashariki. Alisimama kwa vidole vya miguu, akaruka, akaona mafunjo matupu. Akarudi kwenye katapila, akapanda, akaketi kwenye kiti cha Levi.

Hatua ishirini mbele ya ndoo ya kuchimbia, mafunjo yalikuwa yamelazwa kama mkeka. Korongo jike alisimama juu yake, taji lake la dhahabu likitikisika, akamkazia macho Inspekta bila kuondoka. Kisha akasogea kidogo. Moja. Mawili. Matatu.

Jepkoech alishikwa na hasira ambayo polisi hapaswi kuwa nayo kazini. Mtaro wa Gikonyo ulikuwa ufike pale kabla ya saa sita mchana.

Alimkuta Mama Phelista ameketi uani mwa shule, kikapu miguuni, sweta juu ya kikapu. Mama wa miaka sitini na miwili, mikono mikubwa.

"Mama, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano ulikuwa wapi?"

"Umesoma daftari langu, mwanangu."

"Nimelisoma. Nauliza ulikuwa umekaa juu ya nini."

Mama Phelista alitabasamu. "Juu ya kiti cha katapila."

"Na pampu?"

"Nimeitoa mimi. Kwa mikono hii. Andika."

"Unajua utalala ndani?"

"Ndiyo maana nimebeba sweta."

Jepkoech alivuta kiti. "Ulijifunza wapi kazi ya injini?"

"Kitale. Mwaka wa sabini na nne nilikuwa dereva wa trekta kwa shamba kubwa la mahindi. Mwanamke wa kwanza kupewa trekta pale, na nilijigamba! Wakanituma kulima kinamasi. Siku ya tatu nikaona kiota. Mayai yalikuwa matatu. Unayaona tu ukiwa juu ya kiti." Alilisawazisha sweta juu ya kikapu. "Nikasema kazi ni kazi. Nikapita juu yake. Yule jike alizunguka trekta yangu mpaka jioni. Tangu hapo sijaona korongo pale, na mto wa pale siku hizi unauvuka na viatu. Nilikoma kulima, nikaanza kuhesabu."

"Ungeacha kuandika kiota, nisingekupata."

"Ningeacha, Jumatatu ningeambia korti nini? Wakili wa upande wa pili amesema hakuna ndege anazaa Namakhele. Miaka thelathini sijaandika ndege nisiyemwona, wala sijaacha niliyemwona. Nianze leo kwa kuogopa seli?" Alimkazia macho Jepkoech. "Lakini mimi ni mshtaki katika kesi hiyo. Watasema mama mzee anaota. Wewe je, umepanda kile kiti?"

"Nimepanda."

"Umeyaona?"

Sasa Jepkoech alielewa kwa nini boliti zilipangwa wazi vile, na kwa nini daftari halikufichwa: ili polisi aje apande kile kiti.

"Nimeyaona."

"Mangapi?"

"Matatu."

"Basi andika hiyo pia."

Mama Phelista aliinua sweta. Pampu ilikuwa kikapuni, imefungwa gazeti. Gikonyo, aliyekuwa amemfuata Inspekta na kusimama langoni, aliruka mbele.

"Hiyo ni yangu! Lete, Levi aifunge sasa hivi!"

"Usiguse," alisema Jepkoech. "Ni kielelezo."

"Kielelezo cha nini? Mwizi amekiri!"

"Amekiri, naye nitamfungulia mashtaka. Pampu itakaa kituoni mpaka hakimu aseme irudi. Hakimu anakaa Jumatatu."

"Nina kibali!"

"Utamwonyesha."

Mama Phelista alivaa sweta lake, akaenda mwenyewe hadi kwenye gari la polisi bila kushikwa mkono. Watazama-ndege walisimama wote uani.

"Nyinyi mnangoja nini?" aliwafokea kutoka dirishani. "Hesabu ya jioni ni saa kumi!"

Jepkoech alimaliza maelezo akiwa ameegemea boneti ya gari. Aliandika wizi, aliandika jina la mshukiwa, aliandika kukiri kwake neno kwa neno. Kisha akaandika kiota, mayai na mahali. Mbele ya neno *shahidi*, aliandika jina lake mwenyewe.