Mate ya Kipengo

Kiangazi kikikolea, bwawa lile hunywea. Maji yanarudi nyuma, kingo zinabaki uchi, na tope lililokaa chini mwaka mzima linaota jua na kunuka. Wageni harufu ile haiwashughulishi. Wanakuja na kofia zao pana na mafuta ya kujipaka wasiungue, wanapanga vyumba katika nyumba ya wageni iliyo juu ya gati, na asubuhi wanashuka kumtafuta mtu wa kuwapeleka walipo samaki.

Mtu mwenyewe alikuwa jirani yetu. Tulimwita Kepteni kwa utani, maana hiyo meli yake ilikuwa boti la bati lenye injini inayokohoa kila inapowashwa. Mkewe alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni, na kiangazi hicho alikuwa mjamzito wa miezi mikubwa, shombo la samaki likimpata tu mbio chooni. Ndipo mama yake akaja kumsaidia. Huyo mama mkwe, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, ndiye aliyekaa kwenye meza ya zege pale gatini, aproni imekakamaa kwa magamba, akipasua samaki wa wageni.

Na alikuwepo binti yao, Kipengo. Meno ya mbele ya juu yalikuwa yamemtoka yote mawili, akicheka unaona ulimi. Akiuma papai au kipande cha mkate, alikuwa anaacha kinundu kidogo katikati, pale ambapo meno hayapo. Baba yake alikuwa anakipenda kile kinundu. Alikuwa anakimalizia yeye.

Sasa, kazi ya kuongoza wavuvi ukiisikia unaiona rahisi. Ngoja nikwambie. Jua likiwaka samaki hushuka kilindini, na mgeni hana subira, anataka samaki mkubwa wa kupigia picha kabla shingo haijababuka. Kwa hiyo kila mwongozaji ana mahali pake pa siri. Kila asubuhi anapeleka makombo ya jikoni na utumbo wa samaki wa jana, anamwaga palepale, mpaka samaki wanapazoea kama kuku wanavyozoea mlango wa jikoni. Wao wanaita kulisha maji. Kisha, kabla ya kutupa ndoana ya kwanza, unatemea chambo mate. Wote wanatema. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia ndivyo walivyokuta.

Kepteni alikuwa analisha chini ya mnara wa zege wa kufungulia maji, penye kina ambacho chubwi, risasi ya kuzamisha mshipi wake, haikuwahi kugusa chini. Lakini kiangazi hicho alilisha hadi akachoka, samaki hawaonekani. Mwenzake wa gatini, Msumari, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, akapata la kusema.

"Kepteni, naona wewe siku hizi unawatembeza wageni. Si ungefunga maua kwenye boti?"

Watu wakacheka. Kepteni naye akacheka, lakini ilimchoma.

Jumamosi moja akampakia Kipengo botini pamoja na mgeni. Mtoto alikuwa anatafuna papai. Walipofika chini ya mnara, Kepteni akamsogezea kopo la chambo, lile lenye maini ya kuku yaliyooza kidogo, akamwambia, "Haya mama, leo tema wewe. Mate ya mtoto hayana mkosi."

Kipengo akacheka, akatema kupitia pengo. Mate yakaanguka juu ya maini, mekundu kwa papai.

Mshipi wa kwanza haukumaliza kuzama. Fimbo ya mgeni ilipinda nusura izame, wakavuta kambare mweusi mnene kama paja la mtu mzima, anakoroma. Wakavuta mwingine. Mpaka wanarudi gatini, Msumari hakuwa na utani wowote.

Basi ikawa desturi. Kila asubuhi kabla ya shule Kipengo anasimama mlangoni na kopo, anatema, baba anafunika, anashuka nalo. Wageni wakaanza kumgombania Kepteni.

Ni mama mkwe aliyesema kwanza, "Huyu mtoto mbona anaisha?"

Na kweli alikuwa anaisha. Mashavu yalibonyea, mabega yakachomoza. Lakini kula? Alikuwa anakula kuliko baba yake! Sahani ya wali inaisha, anaomba nyingine, anaramba mwiko, anaramba mfuniko wa sufuria. Zahanati wakampa dawa ya minyoo. Hakuna mnyoo hata mmoja uliotoka. Akazidi kukonda, na mdomo wake ukaanza kunuka tope.

Mchana mmoja wageni wamepanda kulala, jua liko utosini, mama mkwe akamwita Kepteni mezani. Hakupaza sauti, na yeye si mtu wa kunong'ona.

"Baba, njoo uone."

Alikuwa amempasua kambare wa asubuhi ile. Utumbo ulikuwa umetandazwa pembeni, wa kijani, unateleza. Mfuko wa tumbo la samaki aliufungua kwa ncha ya kisu.

Ndani kulikuwa na wali. Wali na maharage, uliotafunwa, umekuwa uji mzito uliochanganyika na ute. Juu yake kulikuwa na kipande cha papai.

"Ni makombo tunayowalisha," Kepteni akasema.

"Makombo yanatafunwa?" Mama mkwe akakigeuza kile kipande kwa kisu. "Tazama alipouma."

Kilikuwa kimeumwa pande mbili. Katikati kulikuwa na kinundu.

Kepteni akanyoosha kidole, akagusa. Samaki alikuwa amekaa kwenye barafu tangu asubuhi, ngozi yake inaumiza kwa baridi. Ule wali ulikuwa wa moto. Joto la mdomoni.

"Si huyu tu," mama mkwe akanong'ona. "Ni wote unaowatoa kule mnarani. Mimi nilidhani makombo. Nikawa naosha tu, napika."

"Unawapikia wageni?"

"Wageni. Na sisi pia, baba. Na sisi tumekula."

Kepteni aligeukia maji, akatapika mpaka kikabaki kitu kichungu cha njano. Aliposimama, aliona vijisamaki vimejaa chini ya gati, vinagombania matapishi yake.

Mtu mzima haamini mara moja. Asubuhi iliyofuata alimpa Kipengo yai la kuchemsha. Alikaa akamtazama anavyolitafuna, anavyolimeza, akamfungua na mdomo ahakikishe. Kisha akashuka mbio, akawasha injini, akaenda peke yake mnarani. Kambare alikuja kama aliyeitwa. Akampasua palepale kwenye boti.

Yai. Kiini chake bado kikavu.

Aliacha kuvua siku hiyohiyo. Aliwaambia wageni injini imekufa. Kopo la chambo alilifukia nyuma ya nyumba. Hakulisha maji, hakutema, hakukanyaga gati. Alidhani ukikiacha kitu nacho kinakuacha.

Kumbe alikuwa amekiongezea njaa. Kipengo akaanza kulia akiwa anakula. Chakula kiko mdomoni, machozi yanamtoka, "Baba, njaa, njaa inaniuma." Mbavu zake ungeweza kuzihesabu juu ya gauni. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, mkono mmoja juu ya tumbo lake zito, mwingine juu ya mtoto, anauliza kosa liko wapi. Kepteni akatoka uani. Binti yake alikuwa anakufa, na yeye ndiye aliyemshikia kopo.

Siku moja mchana Kipengo hakuonekana. Walimkuta gatini, amechuchumaa chini ya meza ya zege, mbele ya ndoo ya utumbo wa samaki wa Msumari. Mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anajaza mdomo kwa viganja, bila kutafuna. Magamba yamemganda kidevuni. Kipande cha utumbo kilikuwa kinaning'inia kwenye pengo la meno yake, kinaingia taratibu, chenyewe.

"Kipengo!"

Mtoto akainua macho. Alikuwa anaona aibu.

"Si mimi, baba," akanong'ona. "Ni tumbo."

Kepteni alimbeba, akamkabidhi kwa bibi yake. Akachukua kisu cha mezani, akashuka kwenye boti.

Chini ya mnara maji yalikuwa yametulia. Hakuna upepo. Jua linawaka, zege linawaka, bati la boti linachoma makalio. Povu la kahawia lilikuwa limezunguka nguzo za mnara, zito, lina harufu ya kinywa kisichopigwa mswaki. Hakuwa na chambo. Akatupa ndoana tupu.

Ikashikwa.

Alimvuta kambare mkubwa kuliko wote, tumbo limevimba, limekaza. Samaki hakupigana. Alilala kwenye boti, ndevu zinacheza, mdomo unafunguka na kufumba kama mtu anayehesabu moyoni. Kepteni akampasua.

Vyote vilikuwemo. Wali wa jana. Mkate. Maziwa yaliyoganda. Utumbo wa ndoo ya Msumari. Vyote vimetafunwa, vimerojeka, vina moto, vinafuka mvuke kwenye jua lile. Na juu yake mate, mengi, yanavutika kama ute wa bamia.

"Nilikupa mate ya mwanangu," Kepteni akasema. "Nayarudisha. Mwache yeye. Chukua kwangu mimi."

Akaingiza mkono, akachota, akala.

Sitaki kukueleza alivyokula. Lakini nitakueleza, maana yeye mwenyewe alinieleza na tangu hapo maharage siyatazami. Alisema chumvi ilikuwa bado ipo. Alisema ule wali ulikuwa laini, kama chakula ambacho mama anamtafunia mtoto mchanga, na koo lilikuwa linaufunga mlango, naye anausukuma kwa kidole. Ulirudi puani. Akaumeza tena. Alipofika kwenye utumbo alifumba macho. Akaramba ngozi ya tumbo la samaki mpaka ikawa nyeupe, akachukua vilivyobaki kwa ukucha.

Alipomeza tonge la mwisho, akasikia. Kuzunguka boti lote, chini ya maji, sauti ya kumeza. Wengi. Kwa pamoja naye.

Alirudi gatini. Juu, mlangoni, mama mkwe alikuwa amekaa na Kipengo mapajani. Mtoto alikuwa amekula nusu kipande cha mkate, akakirudisha sahanini.

"Nimeshiba, bibi," akasema.

Mama mkwe alilia mpaka aproni ikalowa.

Kipengo alirudi. Mashavu yakajaa, mdomo ukaacha kunuka, meno mapya yakachomoza yamepinda. Kepteni akamuuzia Msumari boti, akawa mtunza bustani palepale nyumba ya wageni, wa mabomba na maua. Akakaa akisubiri zamu yake. Kila asubuhi alikuwa anajishika mbavu. Kila akila alikuwa anawaza ni nani anakula pamoja naye. Alikuwa radhi, mtu yule. Ukimwokoa mwanao, deni unalipa.

Ajabu ni kwamba hakukonda. Alinenepa. Akaota kitambi, tukamtania kwamba bustani ina mbolea nzuri. Mkewe akajifungua salama, mtoto wa kiume, na Kepteni akamshika, akambusu kwenye midomo kama baba yeyote. Akaanza kusema kwamba yameisha. Nami nilimwamini.

Kiangazi kingine kikafika. Maji yakanywea, tope likanuka. Kepteni alikuwa anamwagilia maua aliposikia Msumari anamwita kutoka gatini, anacheka.

"Kepteni! Shuka uone maajabu! Hivi kambare wa siku hizi ananyonya?"

Alishuka, bomba bado liko mkononi linamwaga maji nyuma yake. Kwenye meza ya zege kulikuwa na kambare mnene, amepasuliwa. Mama mkwe alikuwa amesimama kando, kisu kimemwanguka miguuni, mkono umeziba mdomo.

Tumboni mwa samaki hakukuwa na wali, wala mkate. Kulikuwa kumejaa kitu cheupe, chepesi, kinachomwagika mezani na kutiririka hadi chini, kina mabonge madogo kama ya mtoto aliyecheua. Harufu yake ilikuwa tamu.

"Si maziwa hayo?" Msumari akachovya kidole. "Na ni ya moto, wallahi!"

Kepteni akainua macho. Juu kule, mkewe alikuwa ametoka mlangoni, kitenge kimelegea, mtoto yuko titini. Hata kutoka gatini ilionekana jinsi miguu ya mtoto ilivyo myembamba.

"Baba Kipengo!" akaita. "Hebu njoo umtazame huyu. Ananyonya tangu alfajiri, na hashibi."